Usianze na Rangi, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nakaa na ninyi wa hesabu na kompyuta. Mmepewa kazi: tengeneza ukurasa wa wavuti unaoonyesha algoridhimu ikitafuta jibu, hatua kwa hatua. Kompyuta imewaka, na wengi wenu mmeshaanza kuchagua rangi. Acheni kwanza.

Hata zile maktaba kubwa za kuchorea grafu ziwekeni pembeni. Ni nzuri, sikatai, lakini Plotly nzima inazidi megabaiti 3, na atakayefungua kazi yako kwa simu atakatwa bando kabla hajaona mstari hata mmoja. Kwa algoridhimu moja, faili la HTML, elementi ya canvas na JavaScript kidogo vinatosha kabisa.

Tuchukue mbinu ya Newton-Raphson, maana ndiyo wengi mnayopewa. Newton aliandika wazo hilo mwaka 1669, Raphson akalichapisha kwa sura nyepesi zaidi mwaka 1690. Unakisia namba, unachora mstari ulionyooka unaoigusa grafu pale ulipo, unaufuata hadi unapokata mhimili wa x, na hapo ndipo penye kisio chako kipya. Kwa kipeuo cha pili cha 2, fonksheni ni x² − 2. Anza na 1: utapata 1.5, kisha 1.416667, kisha 1.414216, na hatua ya nne inalingana na jibu la kweli hadi desimali ya 11. Ziandike namba hizo kwenye karatasi, ndizo zitakazokuambia kama msimbo wako unasema kweli.

Sasa nisikilizeni hapa. Andika fonksheni ya hesabu isiyojua lolote kuhusu skrini. Ipokee kisio, irudishe orodha ya hatua zote: x, thamani ya fonksheni, mteremko. Basi. Mchoraji aje baadaye, asome orodha hiyo tu. Ukichanganya hesabu na uchoraji kwenye kitanzi kimoja, siku mstari utakapopita pasipotakiwa hutajua mkosaji ni nani, utabaki kubadilisha alama za kujumlisha na kutoa huku usiku unaisha. Tena orodha inakupa kitufe cha kurudi nyuma bila jasho: unapunguza namba ya hatua, unachora upya.

Na mkianza kuchora, kumbukeni kwamba canvas huhesabu kutoka kona ya juu kushoto, na y huongezeka ikishuka. Grafu ikitokea imepinduka kichwa chini, msiguse hesabu. Geuzeni y kwenye fonksheni ndogo ya kubadilisha vipimo.

Kuna jambo la seva linalowatoa watu machozi bure. Ukigawa msimbo wako katika moduli kisha ukafungua faili kwa kulibofya mara mbili, kivinjari kama Chrome kitakataa kupakia moduli hizo. Si kosa la msimbo wako. Fungua terminal kwenye folda ya kazi, andika python3 -m http.server 8000, kisha fungua localhost:8000. Haihitaji intaneti hata kidogo.

Haya, tuje kwenye sehemu ninayoipenda. Wengi huonyesha mfano mmoja unaofanikiwa, wakapiga picha ya skrini, wakakabidhi. Jamani! Algoridhimu huonekana tabia yake inaposhindwa. Jaribu x² − 2 ukianza na 0: mteremko ni sifuri, unagawanya kwa sifuri, na JavaScript hailalamiki. Inakupa Infinity, hatua inayofuata NaN, na ukurasa unabaki mweupe kimya kama mtoto aliyevunja kikombe. Kagueni mteremko kabla ya kugawanya, na muandike ujumbe unaoeleweka. Halafu jaribuni x³ − 2x + 2, pia kuanzia 0. Inakwenda 1, inarudi 0, inakwenda 1, milele. Ndiyo maana kitanzi lazima kiwe na kikomo, tuseme hatua 50, la sivyo ukurasa utaganda. Mtazamaji akiona mistari miwili ikirudiana bila kufika popote, ameelewa kitu ambacho ukurasa mzima wa fomyula usingemwonyesha.

Kwa hiyo mpeni kitelezi cha kuchagua kisio cha kwanza, ajiharibie mwenyewe. Kiwe kinene cha kutosha kushikwa kwa kidole gumba.

Wenye hamu zaidi wachukue z³ − 1 katika namba changamano. Ina majibu matatu. Kila nukta ya skrini ipewe rangi ya jibu inaloliendea. Mwanahisabati Cayley alijiuliza kuhusu mipaka ya maeneo hayo mwaka 1879, na kwa mlinganyo wa kipeo cha tatu ikamshinda kuieleza. Mkiichora mtaona kwa nini: mipaka inajikunja ndani ya mipaka, na ukikuza picha inaendelea kujikunja. Ila canvas ya 600 kwa 600 ni nukta 360,000, kila moja na hatua zake, hivyo hesabu hiyo ipelekeni kwenye Web Worker, yaani JavaScript inayofanya kazi pembeni ya ukurasa, ili vitufe visigande. Na hapo sasa ndipo mchague rangi, ila nyekundu na kijani msiziweke jirani, wapo wasioweza kuzitofautisha.