Maji ya Moto Nyumbani Arusha: Maswali na Majibu ya Kujiandaa na Mtihani

Marudio haya ni ya wanafunzi wa ufundi bomba na umeme wa majumbani, na ya yeyote aliyechoka kuona LUKU inaisha kwa sababu ya kuoga. Kabla ya kuanza shika namba tatu: lita moja ya maji ni kilo moja, kuipandisha joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.2, uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Yanayobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Swali la 1. Kwa nini mfumo wa maji ya moto wa Arusha upimwe kwa Julai na si kwa Januari?

Kwa sababu Julai ndipo unapohitajika. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi hufunikwa na mawingu. Maji ya bomba yanakuwa baridi zaidi, watu wanakaa bafuni muda mrefu zaidi, na jua ndilo linalopungua. Muuzaji atakuonyesha kwa fahari maji yanayounguza saa nane mchana wa Januari. Mwulize habari za saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, kwa mtu anayekaa Ilboru au Ngaramtoni. Ukilishika jibu hili vizuri, nusu ya maswali yanayofuata umeshayajibu.

Swali la 2. Familia ya watu watano inaoga mara moja kwa siku, kila mtu ndoo ya lita 20. Maji yanatoka bombani yakiwa nyuzi 18 na yanapashwa hadi 40. Tafuta uniti zinazotumika kwa siku 30.

Ndoo moja: 20 × 4.2 × 22 = kilojuli 1,848. Gawanya kwa 3,600, unapata uniti 0.513. Ndoo tano kwa siku 30 ni uniti 77.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha kwa 40 badala ya 22. Hulipii joto lote lililomo ndani ya maji, unalipia lile uliloongeza. Zingatia pia kwamba birika, koili ya kutumbukiza kwenye ndoo na shawa ya umeme zote zitahitaji takriban uniti hizo hizo kwa ndoo hizo hizo. Hakuna koili ya kichina wala ya kijerumani inayoipita hesabu hii. Anayekuuzia "hita ya umeme inayobana matumizi" mwulize inabana nini: joto la maji, wingi wake, au upotevu. Kama hajibu moja kati ya hayo matatu, endelea na safari.

Swali la 3. Uniti hizo 77 zina uzito gani kwenye LUKU?

Uzito mkubwa kuliko zinavyoonekana. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, na 100 inakuwa 122, wakati 292 inakuwa 356. Ndiyo maana elfu kumi ya T1 inakupa uniti 28 tu, kabla ya kukatwa kodi ya jengo.

Sasa tazama: kuoga peke yake kumekula uniti 77. Taa, televisheni na friji havijawashwa, na kikomo cha D1 kimeshavukwa. Nyumba nyingi zilizohamishwa kutoka bei ya chini zinalaumu friji, wakati mhusika yuko bafuni.

Swali la 4. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kwa nini Arusha ibane umeme?

Kwa sababu Rufiji, liliko bwawa hilo, iko mbali. Umeme hupotea njiani, na kanda ya kaskazini iko mwisho wa njia ndefu. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba kanda hiyo itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa sababu hiyo hiyo ya upotevu. Kupasha maji ya kuoga kwa umeme uliosafiri namna hiyo, chini ya paa la bati lililokwisha kuwaka jua mchana kutwa, ni jambo la kufikiriwa upya.

Swali la 5. Linganisha shawa ya umeme na tenki la umeme.

Shawa ya umeme haihifadhi kitu, kwa hiyo haipotezi kitu ukiwa umelala. Tatizo lake ni nguvu. Ya wati 5,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 21.7, hivyo inataka waya wake wenyewe usiopungua milimita nne za mraba, sakiti breka yake, na ethi inayofanya kazi kweli. Fundi anayeichomeka kwenye waya wa taa anatafuta moto. Kwa maji ya nyuzi 18 hadi 40, shawa hiyo inatoa lita 3.2 hivi kwa dakika, basi. Mteja akilalamika Julai kwamba "haipashi", mara nyingi amefungulia koki sana.

Tenki la lita 80 lina raha yake, lakini linaweza kupoteza uniti moja au zaidi kila siku hata asipooga mtu. Kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa T1. Likibaki, lipewe saa ya kuliwasha alfajiri na kulizima, livikwe kihami joto, na mabomba yake ya moto yavikwe pia. Usishushe thamostati chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, maana bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji vuguvugu yaliyotuama. Joto lishushwe kwenye koki ya kuchanganyia, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Swali la 6. Eleza jinsi sola ya maji ya moto inavyozungusha maji bila pampu.

Maji yakipata joto hutanuka na kuwa mepesi, yanapanda kwenda kwenye tenki, na yale ya baridi yanateremka kuchukua nafasi. Kwa hiyo kitako cha tenki la moto kikae juu ya kichwa cha paneli, na tenki la maji baridi likae juu zaidi ya yote mawili. Ukiligeuza hilo, usiku mzunguko unarudi kinyumenyume na paneli inageuka kuwa mashine ya kupoza maji.

Si teknolojia ya jana. Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, aliuza hita ya sola tangu 1891, Israel ilizilazimisha kwenye nyumba mpya mwaka 1980, na jirani zetu Kenya mwaka 2012 waliweka kanuni kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku.

Swali la 7. Paneli ielekezwe wapi Arusha, na je, Mlima Meru hauzibi jua?

Ielekee kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 15 au zaidi kidogo. Arusha iko nyuzi 3.4 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni jua liko nyuzi 23.4 upande wa kaskazini, kwa hiyo saa sita mchana linakuwa limeinama nyuzi 27 kutoka utosini. Januari liko kusini, na paneli itapoteza kidogo, lakini Januari hatuna shida ya maji ya moto.

Kuhusu mlima, wanafunzi hujibu kwa hisia. Chora pembetatu. Kilele kina mita 4,566, mji mita 1,400, tofauti ni kama mita 3,170. Umbali ni kilomita 15 hivi. Gawanya: 0.21, ambayo ni pembe ya nyuzi 12. Jua la mchana wa Juni liko nyuzi 63 juu ya upeo. Mlima hauzibi chochote. Mawingu yake ndiyo yanayoziba. Mgravilea wa jirani una dhambi zaidi kuliko Meru, na huo unaweza kuzungumzwa na mwenyewe.

Swali la 8. Mirija ya vioo au paneli bapa?

Mirija ya vioo yenye ombwe hushika joto vizuri zaidi siku za mawingu na baridi, na kwa Julai yetu hiyo ni hoja nzito. Udhaifu wake ni mgao wa maji. Tenki likikauka saa tano, mirija inaungua jua ikiwa mitupu; maji baridi yakirudi saa nane yanagusa kioo cha moto na mrija unapasuka. Nyumba isiyo na tenki la akiba la kutosha isifungiwe mirija hiyo, au ifungwe koki ambayo mwenye nyumba anajua kuifunga maji yakikatika. Paneli bapa ni ngumu zaidi na hupata joto kidogo kidogo. Dawa ya kuzuia mabomba yasigande, inayouzwa kwa nchi za barafu, Arusha mjini haina kazi.

Swali la 9. Paneli ya mita mbili za mraba inapasha lita 150. Chukua jua la uniti 5 kwa mita ya mraba kwa siku nzuri na ufanisi wa asilimia 50, kisha 3.5 na asilimia 45 kwa siku ya mawingu.

Siku nzuri: 2 × 5 × 0.5 = uniti 5, ambazo zinapandisha lita 150 kwa nyuzi 28 hivi. Kutoka 18 unafika 46. Siku ya mawingu: 2 × 3.5 × 0.45 = uniti 3.15, sawa na nyuzi 18. Kutoka 16 unafika 34.

Nyuzi 34 hazitoshi kuogea mtoto, lakini kazi iliyobaki ni nyuzi sita tu badala ya 24. Sola ya Julai isipokupeleka mwisho, imekufikisha robo tatu ya njia, na koili ndogo ndani ya tenki inamalizia. Koili hiyo iwe na swichi, isiachwe ikiwaka yenyewe kuanzia saa kumi na moja jioni, maana usiku itapasha kile ambacho jua la kesho lingepasha bure.

Swali la 10. Mteja ameuziwa sola kwa shilingi 1,800,000. Itaondoa asilimia 70 ya uniti 77. Itajilipa lini?

Asilimia 70 ni uniti 54. Kwa 356 ni shilingi 19,224 kwa mwezi. Gawanya: miezi 94, karibu miaka minane. Hapo wengi hufunga daftari na kusema sola ni ghali.

Endelea. Tuseme matumizi mengine ya nyumba ni uniti 40. Kabla ya sola jumla ni 117 za T1, shilingi 41,652. Baada ya sola ni 63, na TANESCO wakimkubalia mteja kurudi D1 atalipa 7,686. Tofauti ni 33,966 kwa mwezi na sola inajilipa kwa miezi 53. Neno "wakimkubalia" ndilo lenye maksi: kundi la bei hupangwa na TANESCO, halipangwi na fundi, wala lisiahidiwe kwa mteja.

Swali la 11. Pampu ya joto ni nini?

Ni friji iliyogeuzwa: inavuta joto la hewa na kulisukuma ndani ya maji. Kwa uniti moja ya umeme inaweza kutoa joto la uniti tatu hivi. Hewa ya Arusha inaifaa, iwashwe mchana. Ni ghali na mafundi wake ni wachache, kwa hiyo kwa sasa inafaa hoteli na hosteli zaidi ya nyumba ya vyumba vitatu.

Swali la 12. Na gesi, je? Mkaa?

Kilo ya gesi ina kilojuli 46,000. Jiko likifikisha nusu yake kwenye sufuria, mtungi wa kilo 6 unapasha ndoo 75 hivi za swali la 2. Fanya hesabu kwa bei ya mtungi mtaani kwako. Hita ya gesi ya ukutani lazima iwe na bomba la kutolea moshi nje. Jiko la mkaa lisiingizwe bafuni wala chumbani msimu wa baridi: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Swali la 13. Kuchemsha maji kunaondoa floridi?

Hapana, kunaizidisha. Maji ya mabonde ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ikiwa kidogo floridi haina wa kushikana naye ikatuama. Lita nne zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi kubaki tatu, sasa zina miligramu 4 kwa lita, wakati kiwango kinachokubalika ni 1.5. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi huchujwa, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai. Maji ya tenki la moto ni ya kuoga na kufulia.

Swali la 14. Mteja mwenye sola analalamika kwamba asubuhi maji ya moto hayafiki. Utaangalia nini kwanza?

Urefu na unene wa bomba. Mita 15 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 zinabeba lita 4.7 za maji yaliyopoa. Kila anayeoga bomba likiwa limepoa anazimwaga kwanza, na kwa watu watano hizo ni lita 23.5 kwa siku, zaidi ya ndoo moja ya AUWSA iliyokwenda chini. Bomba la milimita 15 lingebeba 2.7. Kwa hiyo punguza kipenyo, vika bomba kihami joto, na ikiwezekana hamishia tenki juu ya bafu, kabla ya kumwambia mteja anunue sola kubwa zaidi.