Ua linapoanguka: namna ya kulipiga foto kwa karibu na telefone ya kawaida



Msimu uliopita tulipokea foto kwa WhatsApp toka kikundi kimoja cha maharagi. Chini yake waliandika: "Maua yanaanguka, tufanye nini?" Tulipoifungua tuliona kidole kikubwa, majani mengi, na kitu cheupe hivi katikati ambacho hata sasa hatujui kilikuwa nini. Tukajibu haraka-haraka: hao ni tripsi, wale wadudu wadogo wanaokaa ndani ya ua. Kikundi kikatoa franka kwenye sanduku lao, wakanunua dawa, wakapuliza mara mbili. Maua yakaendelea kuanguka.

Kiisha tukafika shambani sisi wenyewe, na lupe mkononi (lupe ni kile kioo cha kukuza). Tulikung'uta maua mengi juu ya karatasi nyeupe, mstari kwa mstari. Hakuna hata tripsi mmoja. Shida ilikuwa jua: mvua ilikatika wiki ileile maharagi yalipoanza kutoa maua, na haragi likikosa maji wakati ule linaangusha maua lenyewe. Dawa haiwezi kitu hapo. Tena kupuliza dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka kunaua nyuki wanaoyatembelea. Kosa lilikuwa letu, si la kikundi. Tulipaswa kuomba foto ingine, na tulipaswa kuwa tumeshafundisha namna ya kuipiga. Basi leo tunafundisha.

Kwanza mujue kwa nini ile foto ilitoka na ukungu. Jicho la telefone ya bei ndogo haliwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu sana. Kwa nyingi, mukipita sentimita 8 ao 10 hivi, picha inaharibika. Mujaribu nyumbani: muweke gazeti mezani, mupige foto ya herufi moja kutoka mbali kidogo, kiisha musogee pole pole. Mutaona mahali herufi zinapoanza kufifia. Huo ndio mpaka wa telefone yenu, muukumbuke. Kukuza picha kwa vidole viwili hakusaidii: telefone haisogei karibu, inakata kipande cha picha na kukitanua tu, na ukungu unatanuka pamoja nacho.

Sasa tripsi wa maharagi ana urefu wa milimita moja hivi. Kwa umbali wa sentimita 10 anabaki alama ndogo nyeusi kama uchafu. Hapo ndipo lupe inaingia kazini.

Lupe ndogo ya kukunja, ile wanayotumia watengenezaji wa saa, inatosha, na moja inaweza kutumika na koperative nzima. Muangalie namba iliyoandikwa juu yake. Ile ya 10x inaona vizuri kitu kilicho sentimita 2 na nusu mbele yake. Ile ya 5x inaona kwa sentimita 5. Kwa kuanza tunapenda ile ya 5x, juu inavumilia mkono unaotetemeka. Muishike ikigusane kabisa na jicho la kamera, muifunge kwa lastiki ao skochi kama kazi ni ndefu. Telefone ikiwa na macho mawili ao matatu, mufunike moja moja kwa kidole ili mujue ni lipi linalopiga foto ya kawaida. Watu wengi wanaweka lupe kwenye jicho ambalo halifanyi kazi, kiisha wanalaumu lupe.

Na kama lupe hakuna? Ndani ya mashine ya DVD iliyokufa muko kijioo kidogo sana cha mviringo, kile kinachosoma sahani. Fundi wa radio anaweza kukitoa, lakini mashine iwe imechomolewa umeme, juu mwanga unaotoka pale ni mubaya kwa macho. Kijioo hicho kinabanwa ndani ya pini ya nywele na kushikizwa kwa skochi juu ya jicho la kamera. Kinakuza sana, ila munapaswa kukaribia ua mpaka karibu kuligusa. Wengine wanaweka tone la maji juu ya kamera. Inafanya kazi, lakini maji na telefone si marafiki, sisi hatuwashauri. Kioo kimoja kidogo si kitu cha kuchekwa: Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, aliona vijidudu ndani ya maji katika miaka ya 1670 kwa kioo kimoja kidogo alichotengeneza mwenyewe.

Ugumu wenyewe unaanza mukishakaribia. Kwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba sana, wakati mwingine milimita moja ao mbili. Pumzi yenu tu inatosha kuisogeza. Kwa hiyo musihangaike kugusa kioo mara kwa mara ili kamera ijipange. Mushike telefone, muende mbele na nyuma pole pole kwa mwili wote, na kila mara ua linapokuwa safi mupige. Mupige foto kumi, mubakie na mbili. Hakuna filimu ya kununua, nane zile zinafutwa.

Upepo ni adui mwingine. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili za asubuhi shamba linakuwa bado limetulia. Mupigilie kijiti kando ya mmea, mufunge tawi kwa uzi ao kibanio cha nguo. Viwiko muviegemeze kwenye magoti ao kwenye mpini wa jembe. Tuliona mama mmoja amelaza ndoo, akakaa chini na kuweka mikono juu yake. Foto zake zilitushinda sisi wote siku ile.

Kwa mwanga, musipige kwenye jua kali la saa sita. Ua jeupe linageuka doa tupu na wadudu hawaonekani. Kivuli cha mwavuli kinatosha. Upande wenye giza, mushike karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Flashi muizime.

Foto moja ya karibu haitoshi kwa agronomu, hata ikiwa nzuri namna gani. Atahitaji kwanza shamba lote, ili ajue kama shida iko kila mahali ao kwenye kona moja, kiisha mmea mzima, ndipo ua. Ua lenyewe mulipige mbele, nyuma, na ndani, mukifungua petali kwa ncha ya mwiba. Kando muweke lati ya mwanafunzi ao kijiti cha kiberiti, aone ukubwa. Kwa tripsi, mukung'ute maua kumi juu ya karatasi nyeupe, na mupige karatasi hiyo mara moja, mbele hawajakimbia. Karatasi tupu nayo muitume. Ile ya msimu uliopita ingetumwa, pesa ya sanduku ingebaki.

Kwa ndizi mambo ni tofauti, juu ua ni kubwa na lupe haihitajiki sana. Tunaogopa ule mnyauko wa bakteria, BXW, ambao ulionekana Masisi tangu 2001. Wadudu wanaotembelea ua la kiume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, wanaubeba toka shina moja hadi lingine. Mupige foto ya ua hilo likiwa limesinyaa, kiisha mukate shina lake na kungoja dakika kadhaa: usaha wa rangi ya njano ukitoka, mupige hapo kwa karibu. Telefone isiguse usaha. Kisu mukipitishe kwenye moto mbele ya kugusa ndizi ingine; foto nzuri isiwe sababu ya kueneza ugonjwa. Ndizi zenye afya, ua la kiume mulivunje kwa kijiti chenye panda mara tu chane la mwisho likitokea, bila kisu.

Katika kutuma, WhatsApp inapunguza foto na ile milimita moja muliyoitafuta asubuhi yote inapotea. Mutume kama dokima: mubonyeze alama ya kuambatisha, muchague "Document", kiisha foto. Inakula mega nyingi kidogo, basi mutume zile tatu ao nne bora tu. Muandike jina la kijiji, tarehe ya kupanda, siku ya mwisho ya mvua, na dawa iliyotumiwa kama iko. Ile siku ya mvua ndiyo tulisahau kuuliza.

Ninyi wa kahawa, lupe iwe tayari mbele ya mvua. Baada ya kiangazi mvua ya kwanza ikinyesha, maua yanafunguka yote pamoja siku chache baadaye, na hayakai: siku mbili tatu yamenyauka. Zaidi ya maua yaliyofunguka, muangalie vichipukizi ambavyo bado vimefungwa. Vikiwa vyeusi ao vya kahawia, mutafute antestia karibu, mdudu mpana kama ngao, milimita 6 mpaka 8, mwenye madoa ya machungwa na meupe. Ndiye anayehusishwa na ile ladha ya kiazi ambayo wanunuzi wanaikataa. Anajificha ndani ya majani ya katikati, basi mufungue matawi kwanza, na mtu wa pili awe tayari na telefone.