Ini Likiumizwa na Dawa

SWALI: Daktari, ni kweli ini hukua tena? Na mtu akizidisha parasetamoli, seli zake hujikinga vipi?

JIBU: Hukua, ila kipande kilichokatwa hakichipui upya. Kilichobaki ndicho kinachonenepa. Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson, wa Marekani, walieleza namna ya kumkata panya theluthi mbili za ini. Uzito wa ini hilo hurudi kwa takriban wiki moja. Binadamu huchukua miezi.

Kuhusu parasetamoli, sehemu ndogo ya dawa hugeuzwa sumu ndani ya ini lenyewe. Kemikali ya seli iitwayo glutathioni huizima. Dozi ikipita kiasi, glutathioni huisha na sumu hunasa kwenye protini za seli, hasa zile zilizo karibu na mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini. Protini iliyonaswa huweza kupoteza umbo, na bila umbo haifanyi kazi. Hapo seli huzalisha kwa wingi protini za dhiki, mashuhuri ikiwa HSP70, ambazo huzishika zilizoharibika, huzikunja upya, au huzipeleka zikavunjwevunjwe. Dalili ya kwanza ya mwitikio huu aliiona mtafiti Ritossa kwa nzi waliopashwa joto, mwaka 1962.

Lakini usidanganyike: HSP70 ikipanda, maana yake seli imo taabuni, si kwamba imepona. Ulinzi huo huzidiwa. Aliyezidisha dozi apelekwe hospitali mara moja hata kama hajisikii vibaya; dawa ya kuizima sumu, asetilisisteini, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 8.