Dondoo muhimu: Kuokoa miche dhidi ya maji ya chumvi

Kwenye vitalu vya pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Malindi, mche unaweza kunyauka kwa kiu ilhali udongo umelowa: chumvi huzuia mizizi kufyonza maji, kisha sodiamu na kloridi hurundikana majanini.

1. Pima maji ya kisima kwa kipimo cha chumvi. Usitegemee ulimi, mparachichi huumia kabla mtu hajahisi ladha.

2. Kagua majani makuukuu ya chini. Ncha na kingo zikikauka kama zilizoungua huku katikati bado kijani, shuku chumvi.

3. Usimwage mbolea kuuchangamsha mche uliodumaa. Nguvu zake zinaishia kutengeneza prolini na sukari za kuhifadhi maji ndani ya seli, na mbolea nyingi za dukani nazo ni chumvi. Hilo ndilo kosa baya zaidi, tena hufanywa kwa nia njema.

4. Mwagilia hadi maji yachuruzike chini ya kiriba. Kikombe kimoja kila jioni huacha ukoko mweupe juu ya udongo.

5. Toboa viriba vya kutosha.

6. Elekeza maji shinani, si majanini.

7. Tandaza nyasi kavu kupunguza uvukizi.

8. Weka jasi kwenye udongo wenye sodiamu nyingi, ila tu kama maji yana pa kutokea.

9. Penye chumvi kali panda mivinje au minazi. Michungwa na miparachichi ihamishie penye maji yasiyo na chumvi.