Daftari la Mgonjwa: Wauguzi Watafiti na Ugonjwa wa Utumbo Sumbufu

Wagonjwa wengi wa utumbo sumbufu hufika kwetu na bahasha nene ya majibu. Choo kimepimwa, damu imepimwa, kamera imepitishwa, na kila karatasi inasema hakuna kilichoonekana. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya mwanzo ya ubingwa niliwaambia wagonjwa wa namna hii kuwa hawaumwi, nikidhani nawapa habari njema. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, “Daktari, basi haya maumivu ni ya nani?” Sikuwa na la kumjibu.

Ugonjwa huu upo. Kwa mujibu wa vigezo vya Roma vilivyorekebishwa mwaka 2016, mgonjwa huumwa tumbo kwa wastani walau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Maumivu hayo huambatana na mambo mawili au zaidi kati ya haya: huongezeka au kupungua anapokwenda haja, idadi ya safari za chooni hubadilika, au choo chenyewe hubadilika umbo. Utumbo hauna kidonda wala uvimbe. Kilichovurugika ni mawasiliano kati yake na ubongo, hata gesi ambayo mtu mwingine asingeihisi humpa huyu maumivu ya kweli.

Miongoni mwa waliolichukua swali kama la yule mama kwa uzito ni wauguzi watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, akiwemo Profesa Margaret Heitkemper. Chombo chao kikuu kilikuwa cha kawaida mno: shajara ambayo wanawake waliijaza kila siku. Kurasa hizo zilionyesha kwamba dalili za tumbo huzidi karibu na siku za hedhi, na kwamba usiku wa usingizi mbovu hufuatwa na siku yenye maumivu na uchovu zaidi. Kamera haiwezi kuyaona hayo.

Mwaka 2009 timu hiyo ilichapisha jaribio la watu wazima 188, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Mengine mawili yalipata vipindi 9 vya saa moja moja na muuguzi, vyenye elimu ya ugonjwa, ulaji, mazoezi ya kutuliza mwili, na namna ya kuyapima upya mawazo yanayozidisha hofu. Tofauti ya makundi haya mawili ilikuwa moja tu: la kwanza lilionana na muuguzi ana kwa ana kila mara, na la pili lilifanya vipindi vingi kwa simu. Yote mawili yalipata nafuu ya dalili na ya maisha kwa jumla kuliko kundi la matibabu ya kawaida, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo baada ya miezi 12.

Jambo la simu ndilo linalonigusa zaidi. Mgonjwa wetu hutoka wilayani alfajiri, hulipa nauli, hukaa kwenye benchi hadi mchana, kisha huonana na daktari kwa dakika chache. Mpango wa Seattle hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo, lakini muuguzi mwenye simu na saa moja anapatikana hata kwenye kituo cha afya, iwapo uongozi utakubali kuihesabu saa hiyo kuwa ni kazi.

Kabla ya kuanza, muuguzi ahakikishe hakuna dalili za hatari: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha mgonjwa usiku, au dalili zilizoanza baada ya umri wa miaka 50. Kwetu tuongeze amiba, minyoo, na kifua kikuu kilichoingia tumboni. Mwenye lolote kati ya hayo achunguzwe na daktari kwanza.

Asiye nayo apewe daftari la shule la kawaida. Kwa wiki 4, ili mzunguko wa hedhi uingie humo, aandike kila jioni alichokula na saa yake, maumivu kwa kiwango cha 0 hadi 10, hali ya choo, usingizi, na jambo lililomkera siku hiyo. Asiyeweza kuandika asaidiwe na mtu wa nyumbani anayemwamini, maana habari za chooni zina aibu yake.

Wiki hizo zikiisha, mgonjwa aanze yeye kulisoma, muuguzi asikilize. Huenda maharage, vitunguu, maziwa au chapati za ngano vikajirudia kabla ya maumivu, kwa kuwa sukari zake huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana na kuzaa gesi. Hapo kipunguzwe chakula kimoja kwa wiki kadhaa, kisha kirudishwe kidogo kidogo ili kuthibitisha. Nimewaona waliojikataza kila kitu hadi wakabaki na wali mweupe na chai ya rangi, wakadhoofika, na tumbo likaendelea kuuma. Daftari la mmoja wao lilionyesha kwamba siku zake mbaya zilifuata zamu za usiku kazini.