Ukweli Ambao Conor Alishindwa Kuusema



Kuna jambo ambalo mtu anayeuguza au aliyefiwa huwa hamwambii hata rafiki yake wa karibu. Leo tulitazame kupitia riwaya ya vijana iitwayo A Monster Calls, ya Patrick Ness, iliyotoka mwaka 2011. Wazo lake lilikuwa la mwandishi Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 2007 kabla hajaiandika yote.

Conor ana miaka 13, anaishi Uingereza na mama yake ambaye anaugua saratani. Usiku, saa 6 na dakika 7, mti mzee wa makaburini unageuka jitu na kuja dirishani kwake. Jitu litamsimulia hadithi tatu. Ya nne ataisimulia Conor mwenyewe, na lazima iwe ya kweli.

Conor haliogopi jitu. Anachoogopa ni ndoto yake: mama anaporomoka genge, yeye amemshika mikono, halafu anamwachia. Mchana anavunja vitu sebuleni kwa bibi yake, anampiga mwenzake shuleni, na hakuna anayemwadhibu. Hilo linamuumiza zaidi, maana moyoni anajiona anastahili adhabu. Mwishowe anasema: alichoka kusubiri, alitaka yale maumivu yaishe, hata kama ni kwa kumpoteza mama.

Jitu halimlaani. Linamwonyesha kwamba kutaka maumivu yaishe sio kutaka mama afe. Baada ya hapo ndipo anaweza kumkumbatia mama na kumwambia hataki aende.

Sasa tuje kwetu. Umemuuguza mzazi miezi mingi, siku moja ukawaza, "Ee Mungu, bora yaishe." Akafariki. Tangu siku hiyo unaimba kwaya, unatabasamu, watu wanakwambia jikaze, na ndani unajiona muuaji. Sikia: wazo la mtu aliyechoka sio kuua.

Fungua Zaburi 88. Mwandishi wake analalamika mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani. Hata hivyo Kanisa halikuiondoa. Husaliwa kila Ijumaa usiku katika Liturujia ya Vipindi. Kumbe hata lalamiko ni sala, ilimradi unamwambia Mungu mwenyewe.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, mwambie Yesu mbele ya Ekaristi lile neno moja unaloona aibu kulisema. Pili, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Na kama hulali, huli, au unawaza kufa, usingoje Jumapili: mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitali. Sonona ni ugonjwa, sio upungufu wa imani. Padre na daktari hawagombani.

Tusali: Ee Yesu, uliyelia kaburini kwa Lazaro, pokea ukweli wangu kama ulivyo. Sina mwingine mzuri zaidi wa kukuletea. Amina.