Kwa nini mbolea inaunguza miche? Somo toka kwa mukeke



Msimu huu, tulipopita mashambani upande wa Kiliba na Sange, tulisikia malalamiko yaleyale: mahindi na nyanya changa zimekauka kwenye kingo za majani, siku chache tu kisha kuwekewa ire. Wengine wanasema mbolea ni ya bandia, wengine wanasema ni jirani amewaroga. Lakini mara nyingi kosa ni hili: mbolea mingi, karibu na shina, kwenye udongo mkavu.

Tumwangalie mama anayetia chumvi kwenye mukeke kabla ya kuwaanika. Baada ya muda beseni inakuwa na maji. Hakuna mtu aliyeyamwaga humo: yametoka ndani ya samaki.

Samaki, mmea na sisi wenyewe tumejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Kila seli imefunikwa na ngozi nyembamba, utando. Utando ni kama mlinzi wa mlangoni: maji yanapita kirahisi, chumvi haipiti ovyo. Na maji yanaelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi.

Kwa kawaida ndani ya mzizi kuna chumvi na sukari kuliko kwenye maji ya udongo, basi maji yanaingia. Mkirundika mbolea pembeni ya mzizi, mambo yanageuka: udongo unamnyonya mmea. Mmea unakufa kiu, hata kama udongo una unyevu.

Jaribuni nyumbani. Kateni vipande viwili vya kiazi. Kimoja mkiweke katika maji matupu, kingine katika kikombe cha maji na vijiko viwili vya chumvi. Kisha masaa mawili vikunjeni: cha maji matupu ni kigumu, cha chumvi kimelegea.

Sasa, mbolea inaingiaje? Kwenye utando kuna milango maalumu, na mzizi unatumia nguvu kuvuta chakula. Ili upate nguvu, lazima upumue. Ndiyo maana shamba likifunikwa na maji, mahindi yanakuwa manjano hata kama mbolea iko: mizizi imekosa hewa. Mpunga unavumilia kwa sababu una njia za kupitisha hewa toka majani hadi mizizi.

Kwa hiyo, tufanye hivi:

- Tuweke mbolea mbali kidogo na shina, kama upana wa kiganja, na tuifunike na udongo.
- Tusipite nusu ya kizibo cha soda kwa shina moja kila mara. Tugawe kwa mara mbili.
- Tungoje udongo uwe na unyevu.
- Miche ikiungua, tumwagilie maji mengi matupu haraka, ili mbolea ishuke chini.
- Shamba la mahindi tulichimbie mifereji kabla ya mvua kubwa.

Ire inauzwa bei kali. Tusiitumie kuua miche yetu wenyewe. Mwenye kufanya jaribio la kiazi, alete vipande vyake kwenye mkutano ujao, tuvikunje wote pamoja.